Kufunika misalaba na sanamu kabla ya Pasaka: lini, kwa kitambaa gani, na ule wa Ijumaa Kuu unafungwaje?

MsaidiziSakristia

Tumsifu Yesu Kristo, wanajukwaa. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya sakristia (chumba cha vyombo na mavazi ya ibada).

Paroko ameagiza kwamba Kwaresima ya 2027 tufunike misalaba na sanamu, jambo ambalo kanisani kwetu halina mazoea. Kamati ya liturujia imegawanyika. Wapo wanaosema tuanze Jumatano ya Majivu, wapo wanaosema Dominika ya Matawi, na mmoja anataka hata altare ifunikwe zambarau hadi chini.

Vilivyopo ni hivi: msalaba wa ukutani nyuma ya altare (kimo mita 2.5, mikono mita 1.5, wenye mwili wa Kristo), Bikira Maria wa plasta sm 120 mwenye taji na mikono iliyokunjuliwa, Mtakatifu Yosefu sm 120, Moyo Mtakatifu sm 150, msalaba wa maandamano, msalaba wa mbao wa kuabudu Ijumaa Kuu (sm 120 kwa 70), na vituo 14 vya Njia ya Msalaba.

Nataka kujua nini kinafunikwa na nini kinaachwa, tarehe na saa ya kufunika na kufunua, aina ya kitambaa na mita ngapi ninunue, na ule msalaba wa Ijumaa Kuu unafungwaje ili padre aufunue mara tatu bila kuhangaika mbele ya watu.

---

MzeeWaRubrika

Milele, amina. Nianze na tarehe kwa sababu ndiyo inayoleta ugomvi kila mahali.

Misale ya Kiroma, yaani kitabu cha sala na maelekezo ya Misa, ina maelekezo yake kwenye Dominika ya tano ya Kwaresima: desturi ya kufunika misalaba na sanamu kanisani kuanzia Dominika hiyo inaweza kushikwa, Baraza la Maaskofu likiamua hivyo. Barua ya Vatikano ya Januari 1988 kuhusu maadhimisho ya Pasaka inasema vilevile katika namba 26. Kwa hiyo si Majivu wala Matawi. Kabla ya Misale ya 1970 jambo hili lilikuwa lazima. Sasa ni ruhusa, na paroko ataoanisha na kalenda ya liturujia ya jimbo.

Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi, basi Dominika ya tano ni 14 Machi. Funikeni Jumamosi tarehe 13 mchana, kabla ya Masifu ya jioni ya kwanza, sala inayofungua Dominika. Kama mna Misa ya Dominika Jumamosi jioni, vitambaa viwe vimeshakaa kabla ya watu kuingia.

Kufunua kuna saa mbili tofauti, na hapa ndipo wengi huteleza. Misalaba inabaki imefunikwa mpaka mwisho wa adhimisho la Mateso ya Bwana, Ijumaa Kuu. Sanamu zinabaki zimefunikwa mpaka mwanzo wa Mkesha wa Pasaka. Mkifunua vyote Ijumaa jioni mmewahi kwa sanamu, na mkiacha vyote hadi Jumamosi mmechelewa kwa misalaba. Ukichelewa kwa misalaba unaharibu maana, kwa sababu kuanzia Ijumaa hiyo baada ya adhimisho mpaka Mkesha waamini wanaupigia goti msalaba.

Hoja ya altare: haifunikwi. Katika Kwaresima yote inabaki na kitambaa chake cheupe, bila maua. Maua yanaruhusiwa Dominika ya nne, ile ya furaha, na katika sherehe na sikukuu. Alhamisi Kuu baada ya Misa ya Karamu ya Bwana altare inavuliwa kabisa. Huyo mjumbe wenu pengine amechanganya kuvua altare na kufunika sanamu. Ni matendo mawili yenye sababu mbili.

Vituo vya Njia ya Msalaba msiviguse. Hata sheria ya zamani iliviacha wazi, na akili ya kawaida inakubali: ndivyo mnavyovisali kila Ijumaa ya Kwaresima. Madirisha ya vioo vya rangi nayo hayafunikwi. Tabernakulo, kisanduku cha kutunzia Ekaristi, haihusiki; kama ina pazia lake, linakuwa la zambarau kwa majira hayo, na taa yake inaendelea kuwaka mpaka Ekaristi itakapoondolewa. Taa na mishumaa ya mbele ya sanamu za watakatifu haiwashwi.

Mwaka huo kuna mtego mwingine. Tarehe 19 Machi, sherehe ya Mtakatifu Yosefu, inaangukia Ijumaa baada ya mmeshafunika. Msifunue kwa ajili ya siku moja kisha mfunike tena. Zamani iliruhusiwa sanamu ya Yosefu iachwe wazi mwezi Machi ikiwa iko nje ya patakatifu (eneo la altare), kwa hiyo akiwa pembeni mwa kanisa paroko ana mfano wa kuegemea akitaka kumwacha. Sherehe ya Kupashwa Habari, 25 Machi, inagongana na Alhamisi Kuu na inahamia 5 Aprili, hivyo hakuna la kuamua.

Asili ya muda huu wa wiki mbili: zamani Injili ya Dominika hiyo ilikuwa Yohane 8, inayoishia mstari wa 59, Yesu akijificha na kutoka hekaluni. Anajificha, basi na msalaba unafichwa. Ufafanuzi huo unaeleweka haraka na watoto wa mafundisho kuliko hotuba ndefu.

---

FundiCherehani

Mama na kaka zangu wa kamati, msikimbilie satini. Inang'aa, inateleza, na ukiibana kichwani mwa sanamu inashuka taratibu mpaka Jumatano iko sakafuni. Shifoni na vitambaa vyepesi vya mapambo ya harusi ni vibaya zaidi, kwa sababu sanamu inaonekana ndani kama mtu nyuma ya chandarua, na watoto wanacheka. Chukua tetroni nzito au pamba ya uzito wa shuka nzuri, zambarau iliyokolea, isiyo na maua wala mistari. Dukani kunja mara moja, inua kwenye mwanga wa mlango: ukiona vidole vyako kwa upande wa pili, rudisha.

Kabla ya kukata, fua. Pamba hupungua, na zambarau ya bei ndogo huchuja. Loweka kwenye maji baridi peke yake, suuza mpaka maji yawe meupe, kisha sugua kona kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na rangi, usikiweke juu ya plasta. Doa la zambarau kwenye plasta iliyopakwa rangi halitoki bila kuitoa na rangi yenyewe, na maeneo ya pwani yenye unyevunyevu hata kitambaa kikavu kinaweza kuacha alama.

Vipimo. Sanamu haipimwi kimo tu. Zungusha tepu mahali palipo panene zaidi, mikono ikiwamo. Tuseme Bikira Maria wenu mzunguko wake ni sm 150. Ongeza 20 za kulegea, unapata 170, gawa kwa mbili ni 85, ongeza 3 za mishono. Kila kipande kiwe na upana wa sm 88. Kwenda juu: 120 za sanamu, 10 za unene wa kichwa, 7 za mshono wa juu na pindo la chini, jumla 137.

Kitambaa cha inchi 60 kina kama sm 150. Usikate kwa urefu wa jora, kwani utahitaji karibu mita 2.8. Kilaze ili kimo cha sanamu kiende kwenye upana wa kitambaa: 137 inaingia ndani ya 150, na vipande viwili vya 88 vinakula mita 1.76. Nunua 1.8, umemaliza. Yosefu akiwa na mikono karibu na mwili atapungua hapo. Moyo Mtakatifu wa sm 150 hawezi kulazwa hivyo, maana ukijumlisha kichwa na mapindo inafika 167. Yeye akatwe kwa urefu wa jora, vipande viwili, mita 3.4.

Kwa sanamu yenye mikono iliyokunjuliwa, usishone mfuko uliofungwa pande zote. Shona juu na upande mmoja. Upande wa pili uache wazi kuanzia begani kwenda chini, weka jozi nne za utepe wa kufunga kila baada ya sm 25 hivi. Sababu ni vidole. Vidole vya plasta huvunjika wakati wa kuvuta kitambaa kushuka, na huvunjika zaidi wakati wa kuvua, kwa sababu siku ile kila mtu ana haraka ya Mkesha. Taji liondolewe kwanza, lifungwe kwa gazeti, liandikwe jina. Kama halitoki, viringisha karatasi ngumu kuizunguka kichwani ili kitambaa kisikae juu ya ncha.

Wawili wafanye kazi hiyo, mmoja kwenye ngazi na mwingine ameshika kitako cha sanamu. Kwanza pangusa vumbi kwa brashi kavu laini. Vumbi likibaki chini ya kitambaa wiki mbili na msimu wa mvua umeanza, utafunua ukungu.

Pindo la chini liwe la sm 5, na ndani yake shonea washa za chuma au mnyororo mwembamba, kimoja kila kona na kimoja katikati. Feni zikiwashwa Dominika kitambaa chepesi kinapepea mpaka magoti ya sanamu, na hapo hakuna anayesikiliza mahubiri.

---

Kapi_na_Kamba

Mimi nazungumzia msalaba wa ukutani tu.

Makosa ya kwanza ni kupigilia misumari kwenye mbao za msalaba. Ya pili ni kutupia kitambaa kutoka juu kwa fimbo ndefu. Kinanasa kwenye taji la miiba na kukivua ni balaa. Tundika pazia *mbele* ya msalaba, lisiuguse.

Fimbo iwe na mita 1.7, yaani sm 10 kila upande kupita mikono. Tumia bomba la pazia la alumini au la chuma jembamba. Bomba la plastiki la inchi moja hupinda katikati likibeba kitambaa kizito. Kama mna boriti kwenye dari mbele ya ukuta, funga kapi mbili ndogo (magurudumu ya kupitisha kamba) humo, umbali wa mita 1.5 kati yao. Kutoka ukutani zikae mbali kuliko magoti ya Kristo yanavyotokeza. Kwa sanamu ya ukubwa huo hesabu sm 30. Kamba ya nailoni ya milimita 4 inatosha. Zote mbili zielekezwe upande mmoja, ziteremke ukutani na kufungwa kwenye kulabu moja, kwa kimo ambacho watoto hawafikii. Kamba ya kapi ya karibu ni kama mara mbili ya kimo cha boriti. Ya mbali ongeza mita 1.5.

Kitambaa: upana wa jora hautoshi, kwa hiyo unganisha vipande viwili vya sm 88, mshono ukae katikati sambamba na nguzo ya msalaba ili usionekane. Urefu wa kila kimoja mita 2.85: 2.5 za msalaba, sm 20 za kupita juu na chini, sm 7 za mfereji wa fimbo, sm 8 za pindo. Jumla mita 5.7. Pembeni utabakiwa na ukanda wa sm 62 kwa mita 5.7, ambao unatosha msalaba wa maandamano, ule wa Ijumaa, na tepe zote za huyo Fundi hapo juu.

Ijumaa adhimisho likiisha na watu wametawanyika, wawili wanateremsha kamba kwa pamoja. Dakika moja. Hakuna ngazi wala kelele.

---

Wema_wa_Kwaya

Samahani, swali la nyongeza. Nimeona mahali vitambaa vinadondoshwa kwa pamoja kwenye Mkesha, kengele zinapolia wakati wa wimbo wa Utukufu. Inapendeza sana. Mbona mnasema vitolewe kabla?

---

MzeeWaRubrika

Wema, inapendeza, lakini maelekezo yanasema mpaka *mwanzo* wa Mkesha. Mkesha unaanza nje kwenye moto, kanisa likiwa giza. Watu wanaingia na mishumaa yao, na sanamu zimeshafunuliwa. Utukufu unakuja baada ya masomo yote ya Agano la Kale, mbali sana na mwanzo.

Na kuna la usalama. Wakati huo mishumaa ya altare ndiyo kwanza inawashwa, ninyi mnaangusha mita kadhaa za tetroni juu ya vichwa vya watu. Tetroni ikishika moto inayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Vueni Jumamosi alasiri, pangeni maua, washeni taa za sanamu baadaye pamoja na za kanisa.

Niongeze juu ya msalaba wa maandamano, sikuutaja. Dominika ya Matawi Misale inataka msalaba unaoongoza maandamano upambwe kwa matawi kulingana na desturi ya mahali. Tangu matengenezo ya Juma Kuu ya 1955 msalaba huo unakwenda bila kifuniko. Mwondoleeni kitambaa kwa maandamano. Alhamisi Kuu usiku, baada ya kuvua altare, misalaba inayohamishika ipelekwe sakristia ikiwezekana, na inayobaki ifunikwe. Barua ya 1988 inaruhusu nyekundu au zambarau kwa usiku huo. Hivyo parokia ambayo haikufunika tangu Dominika ya tano bado ina kazi ya Alhamisi.

---

FundiCherehani

Sasa msalaba wa Ijumaa Kuu, maana ndio uliomtia hofu muuliza swali.

Misale inatoa namna mbili za kuuonyesha. Ya pili ni msalaba usiofunikwa kuletwa kutoka mlangoni kwa vituo vitatu. Mkichagua hiyo, hakuna cha kushona. Ya kwanza ni msalaba uliofunikwa zambarau, unafunuliwa sehemu ya juu, kisha mkono wa kuume, kisha wote, na kila mara wimbo unapanda. Muulize padre mapema ni ipi. Vyovyote vile, msalaba wa kuabudiwa ni mmoja tu. Kuweka mitatu ili foleni iende haraka si utaratibu.

Kwa namna ya kwanza, kitambaa kimoja kikubwa ndicho kinacholeta aibu: ukifungua juu, kinaporomoka chote, na padre anabaki ameshika msalaba mtupu wakati kwaya iko kwenye wimbo wa kwanza. Shona vipande vitatu.

Kipande cha kwanza ni kikubwa: kinafunika nguzo kutoka chini ya kichwa cha Kristo mpaka mguuni, pamoja na mkono wa kushoto. Kwa msalaba wa sm 120 kwa 70, kiwe sm 95 kwenda chini na sm 50 kwenda pembeni kuanzia nguzoni, kikunjwe nyuma. Cha pili ni kama mkono wa kanzu, sm 40, kinavaa mkono wa kuume na kupanda kidogo juu ya kile cha kwanza. Cha tatu ni kofia ya juu, sm 35, inashuka mpaka chini ya kidevu na kulalia vile viwili.

Siri ni mpangilio: funga kinyume cha kufungua. Kikubwa kwanza, mkono wa kuume juu yake, kofia mwisho. Ukikosea, kofia itakuwa imebanwa na utepe wa mkono na haitoki.

Mkono wa kuume ni wa Kristo. Padre anausimamisha ukiwatazama watu, yeye akiwa nyuma yake, kwa hiyo ni upande wa kuume wa padre pia. Watu wanauona kushoto kwao. Watumikiaji wanaofunga wakiwa wameukabili hugeuza kila mara. Weka alama ndogo ya chaki nyuma ya mbao.

Vifungo viwe nyuma, fundo la kuvuta mara moja, mkia wa utepe sm 15. Usifunge fundo la viatu mara mbili. Pini zinachoma vidole na moja hubaki kwenye kitambaa bila mtu kujua. Velkro inashika vizuri, ila Ijumaa Kuu kanisa limenyamaza kabisa, na mlio wake mara tatu kwenye maikrofoni utaujutia. Mtumikiaji mmoja asimame nyuma upande wa kushoto, apokee kila kipande kinapotoka, asikiache kianguke miguuni mwa padre. Mfanye jaribio Alhamisi asubuhi na padre mwenyewe, si na katekista kwa niaba yake.

---

Mwanajukwaa_Ujerumani

Nichangie kidogo, kwa sababu huku watu huchanganya desturi mbili. Kufunika sanamu ni wiki mbili za mwisho. Lakini Ulaya ya kati ilikuwa na pazia moja kubwa la Kwaresima lililotundikwa kati ya waamini na altare tangu mwanzo wa mfungo, likiangushwa Jumatano ya Juma Kuu, Mateso yanaposomwa kufikia pazia la hekalu kupasuka. Labda hapo ndipo wazo la "tuanze Majivu" linapotoka.

Baadhi yapo bado. La Gurk, Austria, ni la 1458, lina picha 99 za Biblia. La Zittau, Ujerumani, ni la 1472, mita 8.2 kwa 6.8, picha 90. Mji huo uliingia Ulutheri, na bado walilitumia mpaka 1672. Mwaka 1945 askari wa Kisovyeti walilikata vipande wakafunikia bafu lao la mvuke. Likatengenezwa upya Uswisi miaka ya 1990, na tangu 1999 linaonyeshwa katika kanisa la Msalaba Mtakatifu pale Zittau. Misereor, shirika la misaada la Wakatoliki wa Ujerumani, lilifufua desturi mwaka 1976, nalo hutoa pazia jipya lililochorwa na wasanii wa nchi mbalimbali. Hayo ni ya kutazamwa na kutafakari, hayafichi kitu, basi msiyatumie badala ya vifuniko ambavyo paroko amewaagiza.

---

Mwanglikana_wa_Pwani

Kwa ndugu Waanglikana wanaosoma: si lazima zambarau. Desturi ya zamani ya Uingereza ni kitani kisichopaushwa, chenye alama za Mateso kwa rangi nyekundu na nyeusi, na inakaa Kwaresima nzima. Kitambaa cha amerikani kinafanya kazi hiyo vizuri na bei yake ni nafuu. Alama (misumari mitatu, ngazi, mkuki, taji la miiba) kata kwenye karatasi ngumu kama kiolezo, gonga rangi ya kitambaa kwa sponji karibu kavu. Sponji ikilowa sana rangi inavuja chini ya karatasi na msumari unakuwa karoti. Amerikani hupungua sana majini, kwa hiyo fua na kupiga pasi kabla ya kupima.

---

MsaidiziSakristia

Asanteni mno. Nimehesabu: Maria na Yosefu 3.6, Moyo Mtakatifu 3.4, wa ukutani 5.7, jumla mita 12.7. Misalaba midogo kwenye mabaki. Ninunue 13?

---

FundiCherehani

Nunua 14, kwa sababu unafua kabla ya kukata na pamba itakula sehemu yake. Tetroni ikipatikana, 13 zinatosha. Zote zitoke jora moja. Majora mawili ya zambarau hayafanani hata duka likiapa.

Ukimaliza Pasaka, fua, anika kivulini, kausha kabisa. Usikunje kile cha ukutani, kiviringishe kwenye fimbo yake. Kila kipande kishonee ndani ya pindo jina la sanamu yake kwa uzi mweupe, na vile vitatu vya Ijumaa uviandike 1, 2, 3 kwa mpangilio wa kufunga.